Pumzi ya Mtu Mwingine

Asubuhi iliyofuata baada ya mama yake kukubali, Daktari aliingia kazini na uso wa mtu aliyekula kitu kitamu peke yake. Aliwasalimia walinzi, akamsalimia hata yule mhasibu wa ghorofa ya chini ambaye kwa kawaida walipishana kimyakimya, akapanda ngazi hadi kwenye chumba chake cha utafiti huku akiimba chini kwa chini. Wanafunzi wake walitazamana. Kwa jinsi walivyomjua, mtu huyu hakuwa na desturi ya kuimba kabla ya chai.

Kazi yake ilikuwa kuchunguza pumzi za watu waliolala. Ukimwambia mtu hivyo hucheka, halafu hukusimulia habari za mjomba wake anayekoroma mpaka majirani wanagonga ukuta. Daktari alikuwa amezisikia habari za wajomba wa kila aina na alizicheka kwa adabu, lakini moyoni hazikumchekesha. Alijua kwamba wapo wanaokoroma, kisha koo likajifunga, pumzi ikakatika, mwili ukahangaika gizani mpaka ukashtuka na kuvuta hewa kwa kishindo, halafu mtu akalala tena bila kukumbuka chochote. Na mchezo ni huo huo usiku kucha. Asubuhi mtu huyo huamka amechoka kuliko alivyolala, mchana anasinzia popote anapokaa, na moyo wake nao unazidi kuchoka. Baba yake Daktari alikuwa mmoja wao. Alilala na hakuamka, Daktari akiwa bado anavaa sare za shule, na mama ndiye aliyemgusa bega asubuhi akakuta limeshapoa.

Ndiyo maana nyumbani kwao kulikuwa na vita juu ya Fundi.

Fundi alikuwa fundi wa lifti. Walijuana siku lifti ya jengo la utafiti ilipokwama kati ya ghorofa na Daktari akiwa ndani peke yake. Fundi alipokuwa akihangaika na mlango, alimsemesha kupitia upenyo mwembamba, akimwuliza anapenda kula nini, ameanza lini kukipenda, nani alimpikia kwanza. Mlango ulipofunguka Daktari hakuwa na hofu hata kidogo, ila alikuwa na njaa ya kufa mtu, na Fundi akampeleka kula. Tangu siku hiyo hawakuachana. Alikuwa mwanamume wa mabega mapana na shingo nene, mcheshi, mwenye vidole visivyotakata sawasawa hata avisugue vipi, na alimwangalia Daktari kama vile kila mara ndiyo kwanza mlango umefunguka.

Mama alimpenda Fundi mara tu alipotia mguu ndani, na mapenzi hayo yalidumu mpaka baada ya chakula cha mchana. Hapo mgeni alikaa kwenye kochi, akamsikiliza mama anavyosimulia habari za majirani, na katikati ya habari akapitiwa na usingizi. Akaanza kukoroma. Daktari aliona aibu, akataka kumtikisa, lakini mara mkoromo ukakatika. Kifua kilijitutumua bila hewa kuingia. Mama alikuwa amebeba sinia la vyombo akielekea jikoni, akasimama pale pale. Kimya kilipita kirefu. Fundi alipovuta hewa kwa mshtuko, mama aliweka sinia mezani taratibu, akaingia chumbani kwake, na hakutoka tena mpaka mgeni alipoaga.

"Huyu simtaki," alisema jioni. "Si mbaya, ni kijana mzuri. Lakini mimi nimeshaamka na maiti kitandani. Wewe hutaamka nayo, mimi nikiwa hai."

Daktari alibembeleza, akanuna, akabembeleza tena. Alieleza kwamba siku hizi kuna vipimo na kuna matibabu. Mama akajibu kwamba kama kuna vipimo basi ampime, si ndiyo kazi aliyosomea miaka yote hiyo? Akimhakikishia kwamba mtu ni mzima, yeye atafunga mdomo na kushona nguo ya harusi kwa mikono yake. Basi Daktari akampa Fundi kile kifaa kidogo cha kupimia nyumbani: mkanda wa kifuani, kimrija cha puani, na kibanio cha kidoleni. Fundi akaenda kulala nacho, akakirudisha kimefungwa vizuri kwenye mfuko wake.

Sasa, ofisini kwao kulikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, hakuna anayesoma kipimo cha mtu wake, humpa mwenzake. Ya pili ilikuwa ya Daktari mwenyewe, na wanafunzi walikuwa wameisikia mpaka wanaiota: usiamini jibu la kompyuta kabla hujaupitia mchoro wote wa usiku kwa macho yako. Kompyuta ilipoandika kwamba pumzi za mpimwaji ni safi na hana tatizo lolote, Daktari alizivunja sheria zote mbili kwa mkupuo. Alipiga simu nyumbani akiwa bado amesimama. Mama alilia kidogo, kisha akauliza Fundi anapenda rangi gani.

Hivyo ndivyo tulivyofika kwenye ile asubuhi ya kuimba.

Daktari alikaa, akaufungua mchoro mzima, si kwa ajili ya kazi bali kwa raha zake tu, kama mtu anavyotoa picha ya mpenzi wake kwenye pochi. Mawimbi ya pumzi yalipita kwenye kioo cha kompyuta, moja baada ya jingine, laini, yamelingana. Alitabasamu. Aliendelea kutabasamu kwa muda, kisha akaacha.

Mstari wa kukoroma ulikuwa mtupu. Hakukuwa na mkoromo hata mmoja tangu mwanzo wa usiku hadi mwisho. Akatazama mapigo ya moyo: ya polepole, ya mtu anayekimbia kila siku, wakati Fundi alikuwa akipanda ngazi mbili anatafuta pa kuegemea. Alitazama namna ya kulala: chali, usiku wote, ametulia. Mtu wa koo lile akilala chali vile, nyumba nzima ingejua. Daktari aliyarudia yote toka mwanzo, polepole, akitafuta kosa la kifaa. Kifaa hakikuwa na kosa. Mwenye mapafu haya alikuwa mzima wa afya, ila hakuwa mpenzi wake.

Wala hakuhitaji kujiuliza sana ni ya nani. Fundi alikuwa akiishi na mdogo wake, kijana mwembamba mcheza mpira, ambaye akimwona Daktari humwita shemeji mpaka watu wa barabarani wanageuka.

Alikaa akikitazama kioo. Hakuna mwingine aliyekuwa amekiona. Mama alishakubali, kitambaa kilishatafutwa, na akinyamaza hakuna atakayejua. Harusi itafungwa, halafu baadaye, wakiwa kwao, anaweza kumshawishi mumewe atibiwe kimyakimya. Jambo lenyewe lilikuwa jepesi hivyo. Alilipima, na kwa kweli alilitamani, maana alimpenda Fundi na alikuwa amechoka kugombana na mama. Kisha alivua koti lake jeupe, akalitundika, akawaambia wanafunzi kwamba anatoka.

Alimkuta Fundi kazini, juu kabisa ya jengo moja la ofisi, kwenye kile chumba cha mitambo kinachokaa chini ya paa, kichwa chake kikiwa kimezama kwenye mashine na spana mkononi. Fundi alipomwona, uso ulimchanua. Akaanza kumwambia asiguse kitu, kila kitu humu kina grisi.

"Mpe hongera mdogo wako," Daktari akasema.

"Amefanya nini?"

"Nimempima. Mwambie ana pumzi nzuri sana. Moyo wake nao ni wa kujivunia."

Fundi aliiweka spana chini. Hakujaribu kukana, na hilo Daktari alilikumbuka baadaye kwa shukrani. Alieleza kwamba mkanda aliufunga mwenyewe kwanza, akalala, akatazama dari. Kila akifumba macho alimwona mama amesimama na sinia. Mwishowe aliamka, akamwamsha mdogo wake. Mdogo wake alikataa, akasema ni ujinga, kisha akakubali kwa sababu anampenda shemeji yake na hataki aolewe na mwingine.

"Kwa hiyo mmenipenda nyote wawili," Daktari akasema. "Ndiyo mkanidanganya."

"Sikutaka kukudanganya wewe. Nilitaka mama akubali. Wewe humvunjii mama yako heshima, nakujua. Akisema hapana, utalia, lakini utamtii. Nikaona ni ama niseme uongo, ama nikukose."

"Na mimi ulinichagulia nini? Nilale kando yako sijui kinachoendelea? Mimi, katika watu wote?"

"Nilifikiri nitakwambia tukishaoana."

"Ungeniambia ukiwa umekufa?"

Fundi aliangalia mikono yake. Akasema kwamba kuna jambo la kazi pia. Fundi wa lifti akiandikwa mgonjwa wa usingizi, nani atamruhusu asimame juu ya kitu kinachoning'inia? Kazi hii ndiyo aijuayo. Hana nyingine.

"Na ukisinzia ukiwa juu yake?" Daktari akauliza.

Fundi alinyamaza kiasi kwamba Daktari, ambaye maisha yake yote aliyatumia kusikiliza watu walionyamaza, alijua kuna kitu.

"Ulishasinzia."

"Mara moja," Fundi akasema polepole. "Nilikuwa nimekaa kwenye ukingo, pale pale penye shimo. Kilichoniamsha ni spana. Ilinitoka mkononi. Niliisikia ikigonga huko chini, baada ya muda mrefu."

Daktari akaanza kulia. Hakulia kwa madaha. Alilia kwa hasira, kwa sauti, akitukana spana na lifti na wanaume wenye shingo nene. Fundi alitaka kumshika lakini mikono ilikuwa myeusi kwa grisi hadi kwenye vifundo, na Daktari alikuwa amevaa blauzi aliyoipenda. Basi akainyanyua mikono juu na kumkumbatia kwa viwiko, akiwa amesimama vibaya mno, na Daktari akauficha uso wake kwenye ile shingo iliyokuwa chanzo cha matatizo yote.

"Mimi pia nina kosa langu," alisema akiwa humo humo. "Kila siku nawafokea wanafunzi, halafu mimi mwenyewe nikasoma nilichotaka kusoma. Nilikusikia kwa masikio yangu pale kwa mama. Nilijua. Nikaamini kompyuta kwa sababu ilinipa nilichotaka."

"Hii kitu inatibika?"

"Inatibika. Kuna mashine ndogo inakaa kando ya kitanda, inasukuma hewa ili koo lisijifunge. Unavaa barakoa puani. Ukiizoea utalala kama hujawahi kulala, na kazi yako utaifanya ukiwa macho."

Fundi akawaza. "Nitafananaje nikiivaa?"

"Kama rubani."

"Rubani mzuri?"

"Rubani tu."

Alicheka, na Daktari akacheka naye huku akipangusa pua. Walikubaliana kwamba apimwe upya, safari hii kwenye chumba cha utafiti chenyewe, na mchoro ausome mwenzake Daktari wa pale ofisini, mzee mmoja asiyecheka na mtu. Likabaki jambo moja, na wote wawili walilijua bila kulitaja. Daktari alisema ataenda mwenyewe kumweleza mama. Fundi akakataa. Alisema uongo ulikuwa wake, basi ataubeba yeye mpaka pale ulipofikia. Akaenda kunawa mikono, akaisugua sana, na bado haikutakata.

Walimkuta mama amekitandaza kitambaa cha harusi mezani, pini zimejaa midomoni, mkasi mkononi. Alipowaona alifurahi, akazitema pini, akataka kuwaandalia kitu. Alimwita Fundi "mwanangu," kwa mara ya kwanza, na Daktari aliona jinsi neno hilo lilivyomchoma. Fundi hakukaa. Alisimama nyuma ya kiti, akakishika mgongo wake kwa mikono miwili, akasema yote: mkanda, dari, mdogo wake, na spana iliyoanguka. Hakujitetea na hakuomba kitu. Alisema tu kwamba aliona si haki mama ashone nguo kwa sababu ya pumzi ya mtu mwingine.

Mama alikunja kitambaa. Alikikunja vizuri, ukingo kwa ukingo, na kila alipokikunja Daktari alihisi kitu kinapungua kifuani mwake. Kisha mama akamgeukia.

"Uliponipigia simu ulikuwa unajua?"

"Hapana, mama."

"Umejua lini?"

"Asubuhi hii."

"Ungeweza kuninyamazia. Nisingejua kamwe."

"Ningeweza," Daktari akakubali.

Mama alivuta kiti, akakaa. Alipoanza kusema, sauti yake haikuwa ya mtu anayekataza jambo. Ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Baba yako alikuwa akikoroma, unakumbuka. Nyumba nzima ilitingishika. Mimi nilikuwa silali. Usiku ule tuligombana, nilimwambia nitahamia chumba chako. Akalala, akaanza. Mimi macho makavu. Halafu akanyamaza. Nilimsikia aliponyamaza, mwanangu. Nilikuwa macho. Nikasema, afadhali. Nikashukuru. Nikageukia upande wangu nikalala usingizi mtamu ambao sikuwa nimeupata miaka."

Miaka yote Daktari alidhani anaijua hadithi ile kwa kila upande. Alikuwa ameisomea, ameiandikia vitabu, ameijengea kazi. Na kumbe mama alikuwa ameikalia nusu yake peke yake, katika nyumba hii hii, akipika na kufua na kumpeleka shule.

"Kwa hiyo usifikiri namchukia huyu kijana," mama aliendelea. "Siogopi afe tu. Watu hufa. Naogopa wewe uwe ndiye uliyekuwa macho."

Daktari alipiga magoti mbele ya kiti, akamshika mama mikono yote miwili. Alimwambia kwamba alikuwa mwanamke aliyechoka, kwamba hakuna mtu aliyekuwa amemfundisha kile kimya kina maana gani, hata madaktari wa wakati ule hawakuwa wakiuliza. Alimwambia kwamba baba hakuuawa na usingizi wake yeye. Aliyasema kama binti, kisha akayarudia kama daktari, polepole, moja moja, mpaka mama alipoitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba amesikia. Kuamini, hilo lingehitaji siku nyingi. Walikaa hivyo wameshikana, na Fundi akabaki amesimama nyuma ya kiti chake, hajui kama atoke nje au abaki.

Mama ndiye aliyemtatulia.

"Kaa, usinisimamie kama askari," akamwambia. Fundi akakaa. "Utapimwa upya?"

"Ndiyo, mama."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Na mdogo wangu nitamfungia nje."

Mama nusura atabasamu, akajizuia. "Na hiyo mashine utaivaa? Kila usiku? Hata ukisafiri, hata ukiona joto, hata wenzako wakikucheka?"

"Kila usiku."

Akamtazama kwa muda mrefu, akiipima ile shingo, yale mabega, ile mikono isiyotakata. Kisha alimgeukia binti yake na kumshika kidevu, kama alivyokuwa akifanya zamani akitaka jambo lisisahaulike.

"Mimi sina pingamizi tena. Lakini nisikilize. Mashine ni mashine, inaharibika, umeme unakatika. Usiku wowote ukisikia amenyamaza, usishukuru. Mwamshe. Hata kama umechoka, mwamshe. Hata kama mmegombana na humtaki machoni, mwamshe, mgombane tena asubuhi."

"Nitamwamsha, mama."

"Na wewe," akamwambia Fundi, "ukiamshwa, usinune."

"Sitanuna, mama," Fundi akasema, na akalia mbele yao wote wawili bila kuona haya.